Phillip Omondi: Nyota wa mwaka ulioanza kwa soka na kwisha kwa vita

KWA wakazi wa Bukoba na Muleba, mwaka 1978 hukumbukwa zaidi kwa vita. Lakini ng'ambo ya mpaka, mwaka huohuo ndio uliolipandisha chati jina la Phillip Omondi, mshambuliaji ambaye hadi leo huhesabiwa miongoni mwa wanasoka bora kupata kutokea Uganda.

Omondi, aliyezaliwa mwaka 1957, alipata umaarufu akiwa na timu ya Baraza la Jiji la Kampala, KCC. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa kitengo cha majitaka cha baraza hilo, kama vile Kagera Sugar ilivyotokana na kiwanda cha sukari. Ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 1976 na 1977.

Msimu wa 1978 ulipoanza, KCC ilikuwa mwenyeji wa michuano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Katika fainali ilikutana na Simba ya Dar es Salaam. Dakika zote zilimalizika bila bao, na KCC ikashinda kwa penalti 3-2. Wana Msimbazi walirejea nyumbani mikono mitupu.

Machi mwaka huo, Omondi alikuwa Ghana na timu ya taifa ya Uganda katika fainali za Mataifa ya Afrika. Uganda iliifunga Congo 3-1, ikaichapa Morocco 3-0, kisha katika nusu fainali ikaitoa Nigeria kwa mabao 2-1. Bao la ushindi dhidi ya Nigeria lilifungwa na Omondi. Ingawa Uganda ililala 2-0 mbele ya wenyeji katika fainali, yeye alimaliza na mabao matatu, akilingana na Segun Odegbami wa Nigeria na Opoku Afriyie wa Ghana katika kilele cha ufungaji.

Miezi saba baadaye, sifa hizo zilifunikwa na moshi wa mabomu. Oktoba 1978 ndege za kivita za Idi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, na mwishoni mwa mwezi majeshi yake yakavuka mpaka. Daraja la Kyaka lilivunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa na kuharibiwa, na maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Hofu ilitanda katika mkoa wote, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi kabla ya kupewa jina la Kagera. Vita hiyo ilimwondoa Amin madarakani Aprili 1979.

Soka ya Uganda nayo haikusalimika. Wakati Tanzania ikifuzu kwa fainali za Afrika za mwaka 1980, jirani yake alilazimika kusubiri miaka 39, hadi mwaka 2017, ndipo akarejea katika michuano hiyo. Omondi mwenyewe alikwenda kuchezea Sharjah ya Falme za Kiarabu, kisha akarudi KCC.

Alifariki dunia Aprili 1999, akiwa na miaka ipatayo 42. Uwanja wa klabu yake uliopo Lugogo, Kampala, ulipewa jina lake. Huku Kagera, kiwanda kilichoporwa kilifufuliwa, na timu yake ikacheza Ligi Kuu kwa miaka mingi katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, mji uleule uliopigwa mabomu katika mwaka wa fahari ya Omondi.