Maisha ya Herzekiah Andrew Shanu, mpiga picha wa Boma

Jina la Stanley na jina la Mfalme Leopold wa Pili tunayajua wote, maana tunayakuta katika masomo ya historia. Jina la Shanu si wengi wanalijua. Huyu alikuwa Mwafrika, mwenye magazini, mwenye nyumba za wageni na aparei ya picha. Aliishi Boma, kule upande mwingine wa inchi yetu, karibu na bahari. Leo tusome maisha yake.

Herzekiah Andrew Shanu alizaliwa mwaka 1858 huko Otta, karibu na Lagos, katika inchi inayoitwa leo Nigeria. Alisoma Lagos katika shule ya sekondari ya misioni ya Kiprotestanti, ile ya CMS. Alipomaliza alifundisha watoto kwa muda. Mwaka 1884 akapanda meli, akaja Kongo kuwa karani na mkalimani huko Boma. Mwaka uliofuata Kongo ikawa mali ya Leopold, na mwaka 1886 Boma ikawa mji mkuu.

Kazi yake moja ilikuwa kutafuta watu wa Afrika Magharibi waje Kongo kuwa askari ao wafanyakazi. Aliifanya vizuri, akapandishwa cheo mpaka akawa msaidizi wa mkubwa wa wilaya ya Boma. Kwa wakati ule, Mwafrika kupata cheo namna hiyo katika serikali ya Wazungu lilikuwa jambo la nadra sana.

Na sasa habari ya picha. Siku zile kupiga picha haikuwa kazi ya mchezo. Aparei ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Ndani yake waliweka kioo kilichopakwa dawa, kisha kioo kile kikasafishwa kwa dawa nyingine katika chumba cha giza. Kioo kikianguka, basi, kazi yote imepotea. Kwa hiyo, watu wakiwa wengi, mpiga picha alipata shida: mmoja akitikisa kichwa, uso wake unatoka kama moshi. Lakini Shanu aliijua ile kazi. Alipiga picha za Boma na watu wake, na gazeti la Brussels lililoitwa Le Congo illustré, lililotoka toka 1892 mpaka 1895, likachapisha picha zake. Mpaka leo baadhi zinatunzwa katika jumba la Tervuren, Ubelgiji. Picha nyingi za Kongo za wakati ule zilipigwa na Wazungu. Shanu ni mmoja wa Waafrika wa kwanza tunaojua waliosimama nyuma ya aparei katika inchi hii, si mbele yake tu.

Mwaka 1893 akaacha kazi ya serikali, akaanza biashara yake mwenyewe. Akafungua magazini, fasi ya kushona nguo, fasi ya kufua, chumba cha kupigia picha, na nyumba za wageni Boma na Matadi. Mali ikaongezeka. Mwaka 1894 alitembelea Ulaya, akapokelewa kwa heshima. Na mwaka ule ule, katika maonyesho makubwa ya Antwerp, Wakongo waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili Wazungu waje kuwatazama. Mwafrika mmoja anapewa kiti, wengine wanatazamwa kama wanyama!

Mwaka 1900 askari wa ngome ya Shinkakasa, karibu na Boma, waliasi. Shanu alibaki upande wa serikali, na serikali ikamshukuru. Wakubwa wakasema moyoni, huyu ni mtu wetu. Kumbe hawakumjua.

Maana Shanu alikuwa anaona na kusikia. Wageni walilala kwake, wafanyakazi wa Afrika Magharibi walimletea mashitaki yao: kupigwa, kunyimwa mshahara. Kutoka juu ya mto zilifika habari za vijiji vilivyolazimishwa kuleta mpira wa porini, na za watu waliouawa ao kukatwa mikono. Mwaka 1903 alimpa Roger Casement, konsuli wa Uingereza, habari juu ya mateso ya wale watu wa Afrika Magharibi. Casement alipanda mto kwenda kujionea, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Mwaka huo huo E. D. Morel alianzisha chama cha kutetea Wakongo, na Shanu akaanza kumwandikia. Alimpelekea hata karatasi za kesi ya Caudron, Mzungu wa kampuni ya mpira aliyehukumiwa juu ya mauaji. Karatasi zile zilionyesha kwamba serikali nayo ilikuwa na mkono katika mambo hayo.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mkubwa wa polisi wa Boma, ambaye Shanu alimhesabu kuwa rafiki, ndiye aliyepeleka siri kwa serikali. Wakaanza kumsumbua. Kisha ikatoka amri: mtumishi yeyote wa serikali asinunue kwake, asilale kwake. Nao ndio walioleta sehemu kubwa ya feza yake. Magazini ikabaki bila wateja, nyumba za wageni bila wageni. Mwezi wa saba mwaka 1905 Shanu alijiua. Alikuwa na miaka karibu 47.

Hakuona matunda ya kazi yake. Picha za misionari Alice Seeley Harris wa Baringa, kama ile ya mwaka 1904 ya Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake, zilionyeshwa katika makanisa na majumba ya Uingereza na Marekani, watu wakalia. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Ubelgiji inchi.

Wengine watauliza: je, si Shanu mwenyewe aliyewaleta askari na wafanyakazi wa serikali ile? Ni kweli, tusifiche. Alikula mkate wake miaka mingi. Lakini alikuwa na mali ya kupoteza, na alijua nani wanaujaza mfuko wake, na hata hivyo aliandika zile barua. Wenye mali wangapi wa Boma walijua yale yale wakanyamaza?

Ndugu wanafunzi, tukiona picha ya zamani katika kitabu, tusiangalie nyuso tu. Tuulize pia nani alisimama nyuma ya aparei, na alijua nini ambacho picha haikuonyesha.