Galileo Galilei: Mtu Aliyepima Mwendo

Wengi wetu tunamfahamu Galileo Galilei kwa sababu ya kesi yake tu. Lakini kabla ya kesi alikuwa na miaka mingi ya kazi ya uvumilivu, na baada yake akatoa kitabu chake bora. Tunapenda kuyasimulia hayo pia.

Alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Akiwa kijana alisoma kwa wamonaki wa Vallombrosa, akaanza unovisi, lakini baba yake akamwondoa kwa kuwa alitaka awe daktari. Galileo akaangukia kwenye hisabati, akaifundisha Pisa, kisha Padova kuanzia 1592.

Wasomi wa wakati ule walimfuata Aristotle, kwamba kitu kizito huanguka upesi zaidi kadiri ya uzito wake. Galileo hakutosheka na mabishano, alitaka kupima. Kwa kuwa kitu hudondoka haraka mno, alichukua ubao mrefu wenye mfereji, akauinamisha kidogo, akabingirisha humo gololi ya shaba. Hakuwa na saa ya sekunde, hivyo aliacha maji yachuruzike kutoka chomboni, kisha akayapima uzito ili kujua muda. Akagundua kwamba gololi ikienda hatua 1 katika muda wa kwanza, katika muda wa pili ulio sawa na huo huenda 3, kisha 5, kisha 7. Kasi yake huongezeka kwa kiwango kilekile. Huo ndio mchapuko.

Alionyesha pia kwamba jiwe lililorushwa lina miendo miwili kwa pamoja: wa kwenda mbele, usiobadilika, na wa kushuka, unaozidi kasi. Leo wanafunzi wa sekondari huichora miendo hiyo kwa mishale, yaani vekta.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa huko Roma ilimlazimisha kukana kwamba dunia hulizunguka jua, na akahukumiwa kifungo, ambacho kiligeuzwa kuwa kizuizi cha nyumbani. Kwanza alipokelewa Siena na Askofu Mkuu Ascanio Piccolomini, aliyemtia moyo arudie utafiti wake wa mwendo. Kisha akarudi Arcetri, karibu na monasteri ya binti yake, Sista Maria Celeste, aliyefariki mwaka 1634. Katika majonzi hayo, akiwa haruhusiwi kwenda atakako, alikamilisha kitabu chake juu ya mwendo. Kilichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, naye tayari amepofuka. Alifariki tarehe 8 Januari 1642.

Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia waliomhukumu walikosea. Sisi tunaojiandaa kulihudumia Taifa la Mungu, siku moja tutaletewa swali tusilolizoea. Tuombe neema ya kupima kabla ya kuhukumu, na moyo wa yule askofu wa Siena, aliyemfungulia mlango mtu aliyehukumiwa.