Maisha ya Marehemu Imamu Abdullah Haron wa Cape Town (1924–1969)

Miongoni mwa wanavyuoni wa Afrika waliokataa kuinyamazia dhuluma, hapana budi atajwe Marehemu Imamu Abdullah Haron wa Cape Town, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1924 katika upande wa Newlands na Claremont, naye alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Mama yake alifariki naye akali mchanga, akalelewa na shangazi yake ambaye hakujaaliwa mtoto. Skuli alisoma ya msingi tu. Kisha alipelekwa Makka kutafuta elimu ya dini, na aliporejea akaendelea kusoma kwa mashekhe wa mji wake, wakiwamo Sheikh Abdullah Taha Gamieldien na Sheikh Ismail Ganief Edwards. Mwaka 1950 alimwoa Bibi Galiema Sadan, wakapata watoto watatu. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kupenda mavazi safi na mchezo wa raga, wala hakuona kuwa hayo yapunguza heshima ya kilemba.

Mwaka 1955, hajatimiza miaka 32, alichaguliwa kuwa imamu wa Msikiti wa Al-Jamia wa Stegman Road, Claremont. Zama hizo Serikali ya Makaburu, iliyoshika madaraka mwaka 1948, ilikuwa imekwisha kuwapanga watu kwa rangi zao kama bidhaa dukani: Mzungu juu, Mhindi na Chotara katikati, Mwafrika chini kabisa, naye alazimishwa kuchukua kipande kila aendako. Waislamu wa Cape Town, ambao wengi wao ni kizazi cha watumwa na wahamishwa walioletwa na Waholanzi, waliwekwa katika hilo tabaka la kati. Fitina kubwa ilikuwa hapo, maana aliyepewa mkate mdogo huogopa kunyang'anywa, akaacha kumtazama jirani yake asiye na kitu. Wengi walinyamaza, na baadhi ya wenye elimu nao wakanyamaza.

Imamu Haron alianza na vijana. Mwaka 1958 ulianzishwa pamoja naye Umoja wa Vijana wa Kiislamu wa Claremont, na baada yake gazeti dogo lililoitwa Kioo cha Uislamu. Vijana hao, wengi wao wanafunzi na walimu, hawakukutana kusoma maulidi tu. Walijadili mambo ya dunia, wakasikiliza hata wasiokuwa Waislamu, na wanawake wakapewa nafasi ya kusema. Yalikuwa mambo mageni msikitini, na wazee hawakukosa kunung'unika. Lakini haja ilikuwapo. Mwaka 1959 ilitungwa sheria ya kuwafungia wanafunzi wasio Wazungu milango ya vyuo vikuu vya Wazungu, kila rangi ijengewe chuo chake. Machi 1960 polisi waliwapiga risasi watu Sharpeville, na siku hiyohiyo Langa, nje ya Cape Town. Siku chache baadaye kijana Philip Kgosana, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, aliongoza yapata watu 30,000 kwa miguu kutoka Langa mpaka mjini. Kijana wa Claremont aliyeyaona hayo angewezaje kuambiwa kwamba dini ni udhu na sala peke yake? Mwaka 1961 jumuiya za Waislamu zilitangaza hadharani kwamba ubaguzi wa rangi ni kinyume cha Uislamu, na Imamu na vijana wake walikuwa katika mstari wa mbele.

Mchana Imamu alifanya kazi ya kuuza peremende kwa niaba ya kampuni moja, na kazi hiyo ilimpa njia ya kuingia Langa, Nyanga na Gugulethu, mitaa ambayo mtu asiye Mwafrika hakuingia ila kwa ruhusa. Aliingia na peremende, akatoka na khabari za wajane na watoto wa waliofungwa. Wenyeji wakamwita mfundisi, yaani mwalimu wa dini kwa lugha yao. Fedha za kuwasaidia alizitafuta mpaka ng'ambo, na huko London alionana na Kasisi John Collins wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, aliyeshughulikia msaada kwa wafungwa wa siasa.

Tarehe 28 Mei 1969, mwezi 12 Rabiul-awwal, siku ya Maulidi, polisi wa upelelezi walimkamata kwa sheria iliyowaruhusu kumzuia mtu bila mashtaka na bila wakili. Alikaa peke yake siku 123. Tarehe 27 Septemba alifariki katika chumba cha mahabusu. Polisi walidai aliteleza ngazini; mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya ishirini na ubavu uliovunjika. Uchunguzi wa mahakama mwaka 1970 ulikubali hadithi ya ngazi.

Tarehe 29 Septemba maelfu kwa maelfu, watu wa rangi na dini mbalimbali, walilisindikiza jeneza kwa miguu mpaka makaburi ya Mowbray. Usiku huo ardhi ya Cape ilitetemeka, na wengi wakasema imemlilia. Mtume wetu alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa, aliwakataza watu kusema hivyo, basi na lichukuliwe kuwa ni qadari ya Mola. Mwezi Oktoba Imamu alikumbukwa kwa ibada katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Ajabu kubwa zaidi ilitokea mwaka 1971: Kasisi Bernard Wrankmore, Mzungu wa kanisa la Kiingereza, alifunga kwa siku 67 penye kaburi la walii wa Kiislamu juu ya kilima cha Signal Hill, akitaka kifo cha Imamu kichunguzwe upya. Waziri Mkuu Vorster alikataa.

Uchunguzi huo ulifunguliwa tena Novemba 2022, na tarehe 9 Oktoba 2023 Jaji Daniel Thulare aliitengua hukumu ya mwaka 1970, akaamua kwamba Imamu alikufa kwa mateso ya polisi. Watoto wake walikuwapo kuisikia. Bibi Galiema hakuwapo. Alifariki tarehe 29 Septemba 2019, miaka 50 kamili tangu siku aliyozikwa mumewe.