Van Gogh na Kazi ya Kunakili

Vincent van Gogh alizaliwa mwaka 1853 huko Zundert, Uholanzi, mtoto wa mchungaji. Kabla ya kushika brashi alikwisha kuwa karani wa duka la picha, mwalimu msaidizi nchini Uingereza mwaka 1876, kisha mhubiri kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji, hakudumu popote. Alipoazimu kuwa mchoraji, mwaka 1880, alikuwa na umri wa miaka 27. Akaanza kwa kunakili: mazoezi ya Charles Bargue, pamoja na wakulima waliochorwa na Mfaransa Jean-François Millet.

La ajabu ni kwamba aliirudia kazi hiyo alipokwisha kukomaa. Mwezi Mei 1889 aliingia kwa hiari yake hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Ugonjwa ulipomzidi hakuweza kwenda mashambani, wala hakuwa na watu wa kukaa mbele yake awachore. Alichokuwa nacho ni picha za Millet zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe tu. Kutokana na hizo alichora nakala 21 za rangi za mafuta. Mkao wa mtu, uzito wa mwili unapoinama, hayo aliyapokea kwa Millet. Rangi hakupewa na mtu. Mwenyewe alijifananisha na mwanamuziki apigaye tungo ya mwenziwe. Wako walimu wasemao kunakili ni uvivu. Mimi sikubali, maadamu nakala inamwachia mwanafunzi jambo la kuamua.

Januari 1890 alichora Hatua za Kwanza. Nduguye Theo alikuwa amempelekea fotografia ya picha ya Millet: baba amepiga magoti bustanini, koleo kaliweka chini, mikono kainyosha, mama amemshika mtoto ajaribuye kutembea. Van Gogh aliigawa fotografia kwa miraba, akahamisha maumbo mraba baada ya mraba hadi kwenye turubai, njia ambayo darasa lolote lenye rula na penseli laweza kuifuata. Kisha akapaka rangi: bustani ya kijani, mavazi ya buluu. Mke wa Theo alikuwa mjamzito wakati huo. Mtoto alizaliwa tarehe 31 Januari, akaitwa Vincent. Mchoraji alifariki tarehe 29 Julai mwaka huo huo.