Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Hapa chuoni ukitaja TEHAMA viwandani, wengi wanawaza roboti za Japani. Mimi mtoto wa Bariadi, niliyekulia kwenye pamba, namuwaza Paul Bomani.

Alizaliwa 1925 huko Ikizu, baba yake akiwa mchungaji wa Kisabato. Siasa ilimkuta tayari ni mtu wa vitabu vya hesabu: alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha 1947 akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wakati huo wakulima wa Usukumani walilia na mizani ya wanunuzi binafsi. Mtu analima msimu mzima, halafu uzito unapungua gulioni, na hana karatasi yoyote ya kudai haki yake.

Bomani na wenzake hawakuanza na mashine. Mwaka 1952 waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye magulio. Akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, yeye akiwa meneja mkuu, na 1956 wakawa na kiwanda chao cha kuchambua pamba, Kasamwa, Geita.

Angalia mpangilio huo: kwanza taarifa sahihi, kiwanda baadaye. Msimu wa pamba ni mfupi. Meneja asipojua gulio lipi limejaa, lori linakwenda pasipo na mzigo, mashine zinasimama, na kwingine pamba inanyeshewa. Akijua mapema, anageuza ratiba siku hiyohiyo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na daftari. Siku hizi simu inaiweza kwa dakika moja.

Baadaye Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, tena balozi wetu Marekani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, yeye akafariki 2005. Simiyu, mkoa tangu 2012, bado ni kinara wa pamba, ila sehemu kubwa ya nyuzi za nchi hii inauzwa nje bila kufumwa.

Wenzangu wa kompyuta, programu za kuagiza chipsi zinatosha bwana. Tengenezeni inayotuma uzito kutoka kwenye mizani kwenda kwa mkulima na kiwandani kwa wakati mmoja. Lakini mizani yenyewe ikaguliwe kwanza, maana ikidanganya, simu itausambaza uongo huo haraka zaidi.