Luther Burbank, Mchaguzi wa Mbegu

Luther Burbank alizaliwa mwaka 1849 huko Lancaster, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Hakusoma chuo kikuu, lakini alipenda sana kuchunguza mimea.

Siku moja aliona tunda dogo juu ya shina la kiazi ulaya. Kwa kawaida viazi ulaya hupandwa kwa viazi vyenyewe, na mmea mpya hufanana na mzazi wake. Burbank alitaka kujua mbegu zitatoa nini. Alilichunga tunda lile kila siku, lakini kabla ya kukomaa likatoweka. Alilitafuta sana mpaka akaliona chini, limeanguka. Ndani yake mlikuwa na mbegu 23. Alizipanda zote, na kila mmea ukatoa viazi vya namna yake. Mmoja ulizaa viazi bora kuliko mingine yote. Haki ya viazi hivyo aliiuza kwa dola 150. Mwaka 1875 alihamia Santa Rosa, California.

Huko alitaka kupata ua la deizi lililo kubwa, jeupe na lenye kudumu miaka mingi bustanini. Alichukua chavua ya deizi ya aina moja, akaipaka katika deizi ya aina nyingine. Mbegu zilipokomaa alizikusanya na kuzipanda. Miche ilipochanua alichagua michache iliyo bora, akaing'oa iliyobaki. Kisha alipanda mbegu za ile aliyoichagua. Alirudia kazi hiyo kwa muda wa miaka 17 hivi. Mwaka 1901 alitoa deizi mpya, akaiita Shasta, jina la mlima wenye theluji.

Kwa nini miche ile haikufanana? Mbegu hupata tabia kutoka kwa wazazi wawili. Kwa hiyo, mtu atakaye deizi ile ile hugawa shina lake pamoja na mizizi.

Burbank alikuwa na kasoro moja. Hakuandika kumbukumbu kamili za kazi yake, hivyo wanasayansi wengine walishindwa kuifuata hatua kwa hatua. Alifariki mwaka 1926.

Jaribio: Kusanya mbegu zilizokauka za ua moja la bustani. Zipande katika kitalu. Andika tarehe ya kupanda, idadi ya mbegu, na rangi ya kila ua litakalochanua. Je, yote yanafanana na mama yao?