MEKATILILI WA MENZA NA HAKI YA MBELEKO

Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Methali hii twaitumia kila siku, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba hapa hapa kwetu pwani, katika nchi ya Wagiriama, kuku na vifaranga wake waliwahi kuingizwa barazani mbele ya mkubwa wa serikali ya Kiingereza, wakawa ndio hoja yenyewe. Aliyewaingiza alikuwa mwanamke mtu mzima. Wazazi wake walimwita Mnyazi wa Menza. Ulimwengu unamjua kwa jina la Mekatilili.

Watoto wetu husomeshwa habari zake shuleni kama shujaa wa vita, na kweli alikuwa hivyo. Lakini ukiyatazama maisha yake kwa makini utaona kwamba kwanza alikuwa mama, na kwamba kila alilolifanya baadaye lilitoka katika ule umama. Leo katika ukurasa huu tumtazame kwa upande huo.

JINA LA MWANA

Mnyazi alizaliwa katikati ya karne ya 19 mahali paitwapo Mutsara wa Tsatsu, upande wa Bamba, katika bara ya Kilifi. Husimuliwa kwamba alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume. Anayezijua nyumba za namna hiyo anajua maisha ya binti pekee yalivyo. Kabla hajafikisha miaka kumi amekwisha kuwa mlezi. Mtoto kiunoni, mtungi kichwani, na akirudi kutoka mtoni anaulizwa kwa nini mtoto analia.

Akaolewa, akazaa, na mwanawe akaitwa Katilili. Tangu siku ile jina la Mnyazi likaanza kufifia, kwani desturi ya Wamijikenda ni kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Mama wa Katana ni Mekatana, na baba yake ni Bekatana. Hivyo Mekatilili maana yake ni mama Katilili tu, wala si jina la vita wala la cheo.

Sisi Waislamu hatuwezi kuistaajabia desturi hii, maana ni yetu vilevile. Mitaani kwetu ni Mama Fatuma na Baba Ali, na katika vitabu vyetu ni Ummu Fulani na Abu Fulani. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe aliitwa Abul-Qasim, kwa jina la mwanawe wa kwanza kwa Bibi Khadija, na mtoto yule alifariki angali mdogo. Mwana aliondoka, jina likabaki kwa babake. Mwenye kuzika mtoto mchanga anajua uzito wa jambo hilo.

Na mtu hapewi jina hili bure. Hulichuma usiku. Mama wa mtoto wa kwanza ni mwanafunzi aliye mbele ya mwalimu mkali asiyejua kusema. Mtoto akilia hajui kama ni njaa, ni tumbo, ama ni sisimizi aliyeingia ndani ya nguo. Akinyamaza mno, hofu nyingine. Akicheua, nguo iliyofuliwa jana imekwisha. Akipata homa, nyumba nzima hailali kwa kuogopa degedege. Kisha, siku moja asiyoitazamia mtu, kitoto hicho hicho kinashika ukingo wa kitanda, kinasimama dede, kinacheka kwa ufizi wenye meno mawili, na mama anasahau yote. Hathubutu kumsifu kwa sauti ila aseme mashallah, kwa kuliogopa jicho. Baada ya miaka miwili huja siku ya kumwachisha ziwa, na shubiri ikapakwa chuchuni, na hapo wanaolia ni wawili.

Kwa ajili hiyo wazee wetu hawakuiacha taabu hii bila ya haki. Katika arusi za Waswahili mama wa bibi arusi ana mkaja wake na mbeleko yake. Bwana arusi hutoa kitu kwa ajili ya ile nguo iliyombebea mkewe alipokuwa mchanga. Maana yake ni kwamba mtu mzima unayemwona mbele yako alibebwa na mgongo wa mtu, na ukitaka kumchukua huna budi kwanza kuutambua mgongo huo.

MWARANDU

Ndani ya nyumba ya akina Menza jambo hilo lilivunjwa mapema. Masimulizi ya Wagiriama yanasema kwamba mmoja wa ndugu zake Mekatilili, aliyeitwa Mwarandu, alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, Waarabu wa pwani, wala hakuonekana tena.

Habari hii si tamu kwetu kuisoma, lakini haifai kuirukia. Waliokuwa wakinunua na kuuza wana wa watu katika pwani hii walisali msikiti mmoja na mababu zetu, na nyumbani kwao walikuwa na watoto wao wenyewe waliowabembeza na kuwasomea dua. Hapo ndipo penye mtihani. Si vigumu mtu kumpenda mwanawe. Hata paka humpenda mwanawe. Kazi ni kukumbuka kwamba na mtoto wa mwenzio pia alibebwa kwa mbeleko. Binti aliyemlea nduguye, kisha akamwona mama yao akingoja mtu asiyerudi, hawezi kukua kama watoto wengine.

KUKU BARAZANI

Mwaka 1913 akaja mchukuaji wa pili. Mara hii hakuja usiku, alikuja mchana na karatasi. Serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitoza kodi ya vibanda, ikataka Wagiriama wahame mashamba yao ya kaskazini ya mto Sabaki, na zaidi ya yote ikataka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya Wazungu na kazi za serikali. Aliyepewa kazi hiyo katika nchi ya Wagiriama alikuwa Bwana Arthur Champion.

Mekatilili akaanza kuzunguka mji kwa mji. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, na palipo na ngoma ya matanga watu hukusanyika bila ya kuitwa. Walipokusanyika aliwaeleza kwamba wakiwatoa wana wao hawatawaona tena. Maneno hayo, yakitoka kwa dada yake Mwarandu, hayakuhitaji ushahidi. Wanawake wakala kiapo chao cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi huko Kaya Fungo, kwamba hapana atakayeitumikia serikali.

Ndipo kikaja kisa cha kuku, ambacho Wagiriama hawachoki kukisimulia. Katika baraza ya Agosti 1913 Mekatilili alileta kuku na vifaranga wake, akamtaka Champion amchukue kifaranga kimoja. Bwana akanyosha mkono, na kuku akamrukia na kumdonoa. Akamweleza kwamba hilo ndilo litakalompata akiwagusa vijana wa Kigiriama.

Wengi hukicheka kisa hiki, na kinachekesha. Lakini Mekatilili hakutafuta mfano wa simba wala wa chui. Alitafuta kiumbe ambacho kila mama hukiona uani kwake asubuhi, chenye woga kuliko wanyama wote, ambacho hukimbia hata kikitishwa kidogo tu. Kiumbe hicho kikiwa na watoto hakijui tena kukimbia. Aliyehudhuria baraza ile hakuhitaji mkalimani.

Tarehe 17 Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mwenzake mzee Wanje wa Mwadorikola. Wakahukumiwa kupelekwa mbali, mahali ambapo serikali iliamini kwamba hawatarudi kwa miguu yao. Wapo wanaoutaja mji wa Mumias, lakini mahali panapotajwa zaidi ni Kisii.

MAMA WA KISII

Nchi ya Kisii, pamoja na Nyamira ambayo leo ni kaunti yake peke yake, ni nchi ya milima mibichi upande wa ziwa Victoria, yenye mvua karibu mwaka mzima na baridi isiyojulikana na mtu wa Kilifi. Hakuna mnazi, chakula cha siku zile kilikuwa wimbi. Mtu wa pwani akifika huko hushangazwa kwanza na watoto. Atamsikia mtoto akimwita mamake baba! Kwa Kikisii baba ndiye mama, na baba mzazi ni tata. Lakini akitega sikio zaidi ataona kwamba si ugenini sana. Mwana kwao ni omwana. Mlezi ni omoreri.

Omoreri wa Kisii ni mtoto anayemlea mtoto, kwa kawaida msichana wa miaka sita hadi kumi, dada yake ama binti wa jamaa. Mama alipokwenda kulima, yeye alibaki na mchanga mgongoni, akamnywesha uji wa wimbi, akamlinda na meko ya moto, akacheza na wenzake naye yumo mgongoni. Wataalamu wa Kimarekani, Robert na Barbara LeVine, walikaa huko kati ya 1955 na 1957 wakitazama malezi haya, wakaandika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Waliona kwamba mama wa Kisii hamchekechei mtoto wala hamsifu mbele ya watu, na jicho la husuda analiogopa kama tuliogopavyo sisi. Mapenzi yake yamo katika kumbeba, kumshibisha na kumwitikia upesi anapolia.

Wapenzi wa maulidi hawatakosa kumkumbuka Shaimaa, binti wa Bibi Halima Saadia, aliyekuwa omoreri wa Mtume alipokuwa mchanga jangwani. Siku moja mtoto alimwuma mgongoni akiwa amembeba. Miaka mingi baadaye, baada ya vita vya Hunaini, Shaimaa aliletwa miongoni mwa mateka, akamwonyesha Mtume alama ya meno yake. Mtume akamtambua, akamtandikia shuka lake, akamkalisha. Walezi wengi wana alama kama ile, ila waliowauma hawana habari.

Wakati Mekatilili alipoletwa Kisii, mama wa huko walikuwa na kidonda kibichi. Miaka sita tu nyuma, Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere alimpiga mkuki wa mgongoni Bwana Northcote, afisa wa Kiingereza. Nyuma ya kijana yule alikuwapo mwanamke, Moraa wa Ngiti, mganga na mwaguzi wa Kitutu. Wengine husema alikuwa shangazi yake, wengine mamake wa kambo. Huko watoto huwa na mama wengi. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na Wakisii husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, nao wamekuwa wakidai kirudishwe. Askari walioletwa kulipiza kisasi waliua watu zaidi ya mia moja, hata Winston Churchill, aliyekuwa katika wizara ya makoloni, akalalamika juu ya mauaji yale.

Hivyo serikali ilimtoa mama mmoja aliyekataa kutoa wana, ikampeleka katika nchi ya mama wengine waliokwisha kupokonywa wao.

KURUDI

Januari 1914 Mekatilili na Wanje waliponyoka. Kutoka Kisii hadi Giriama ni mwendo wa kiasi cha kilomita 1,000, na kati yake mna Bonde la Ufa, mbuga za Wamaasai na nyika kavu yenye wanyama wakali. Reli ilikuwako tangu 1901, lakini si ya mkimbizi. Wakaenda kwa miguu, watu wazima wawili, wakafika kwao.

Mwaka ule ule vita kuu vya Ulaya vikaanza, na serikali ikazidi kutaka vijana, safari hii wawe wapagazi wa jeshi. Ni kazi ile iliyotuachia jina la Kariakoo, na maelfu kwa maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walikwenda wasirudi. Mama aliyewaambia wenzake kwamba wana wao hawatarudi hakuwa akipiga ramli. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, Wagiriama wakapigana, wapatao 150 wakauawa na nyumba nyingi zikachomwa. Mekatilili alikamatwa tena akapelekwa mbali.

Mwaka 1919 alirudi kwao kwa ruhusa, akakaa Kaya Fungo akiongoza baraza la wanawake, na Wanje akiwaongoza wanaume. Wagiriama nao walirudi ng'ambo ya Sabaki. Kaya ile leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ilimoingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda mwaka 2008.

Mekatilili alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, upande wa Magarini. Huko Malindi bustani imepewa jina lake na sanamu yake imesimamishwa, na kila mwaka wanawake wa Kigiriama huvaa hando wakamchezea ngoma. Vita vyake havikumalizika kwa ushindi wa bunduki. Lakini aliilazimisha serikali kubwa kujua kwamba kijana inayemhesabu kwa kodi na kwa mzigo ana mtu aliyekesha naye, na kwamba mtu huyo hakuulizwa.

Katilili mwenyewe vitabu havimwelezi sana. Huenda alikuwa mtoto kama watoto wengine, mwenye kulia usiku na kuumwa na tumbo, aliyemwaga uji na kupigiwa kelele. Hakupata kujua kwamba jina lake lingeandikwa juu ya sanamu ya mamake. Mnyazi wa Menza alikuwa na njia nyingi za kukumbukwa, nasi twamkumbuka kwa ile aliyopewa siku alipozaa.